Kuchagua mbao ya kuchongea kitako kipya cha bunduki

Kitako cha bunduki ya kuwindia kikivunjika, mara nyingi huvunjikia shingoni, pale pembamba panaposhikwa na mkono nyuma ya kifyatulio. Basi ukienda kutafuta mbao, tazama hapo kwanza. Mawimbi na madoa mazuri yatangoja.

Kabla ya kutoka, chora umbo la kitako cha zamani kwenye plastiki angavu, ulikate. Bunduki ya kawaida ya bolti (ile inayokokwa kwa mkono kila risasi) hutosha katika kipande cha futi 3, upana inchi 8, unene inchi 3. Kitako cha kijeshi kinachokaribia mdomo wa mtutu kinadai urefu zaidi. Ubao wa inchi mbili kwa sita wa dukani uache: ukikauka na kupigwa randa unene wake haufiki sentimita 5, pa kuegemeza shavu hupati. Agiza wakupasulie.

Ulaya na Marekani hutumia mjozi (walnut) kwa kuwa si mzito, hauchezi ukishakauka, na unakubali mikato midogo. Kwetu unaoukaribia ni mninga, kilo kama 640 kwa mita ya ujazo, nao husinyaa kidogo sana. Mkongo ni mzito zaidi, lakini kwa bunduki yenye teke kali uzito huo ni faida. Mvule nyuzi zake hupishana, na mara nyingine una vijiwe ndani vinavyomaliza patasi. Mpingo waachie wachonga vinyago: kitako chake kingekuwa karibu mara mbili ya uzito wa kile cha mninga. Kwa Tanzania, dai risiti na hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kupakia.

Mbele ya rundo la mbao, lowanisha uso wa ubao ili nyuzi zionekane, kisha weka ile plastiki juu na uizungushe taratibu. Nyuzi za shingoni ziende sambamba na shingo. Zikiikata kwa mshazari, teke moja litapasua. Bora ni ubao ambao nyuzi zimelala sawa chini ya mtutu kisha zinainama zenyewe kuelekea shingoni, ila haupatikani kila siku. Ukikosa, inamisha plastiki mpaka shingo ikae sawa. Sehemu ya mbele itapata mshazari kidogo na huenda ikapinda msimu wa mvua, kwa hiyo wakati wa kuchonga acha nafasi ya kupitisha karatasi kati ya mbao na mtutu. Geuza ubao uangalie upande wa pili pia. Wengi husahau, na nyuzi zaweza kutokea kwingine kabisa. Jicho la tawi livumilie kitakoni nyuma tu. Kile kiini cha katikati kabisa ya mti na ile sehemu nyeupe ya nje, kataa.

Siku hiyohiyo paka nta au rangi ya mafuta kwenye vichwa vyote viwili vya ubao, la sivyo vitapasuka sentimita kadhaa kwenda ndani. Anika kivulini juu ya vijiti, ukikadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Pima uzito kila mwezi mpaka usishuke tena. Kwa uhakika zaidi, kata kipande kidogo sentimita 10 kutoka kichwani (kichwa chenyewe hukauka mapema na hudanganya), kipime, kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usimame, upime tena. Gawa uzito uliopotea kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Asilimia 12 hivi inatosha. Pwani, bila tanuri la kukaushia mbao, hewa yenyewe haitakufikisha hapo. Ukichonga mbao mbichi, itasinyaa, skrubu zitalegea, na risasi zitaanza kuhama shabaha.