Kabla ya Kufunga Kamba: Mambo ya Kuzingatia Unapotaka Kuopoa Mabaki ya Ndege za Vita Ziwa Victoria

Mtu aliyepata habari kutoka kwa wavuvi wa Igombe, Kayenze au Ukerewe kwamba nyavu zao zinanasa mahali palepale kila mara, na kwamba siku moja zilirudi na kipande cha bati jepesi lenye safu za ribiti (pini za kuunganishia bati), asianze kutafuta winchi. Aanze na daftari, aandike ni nani aliyekipata, lini, kwa nyavu za aina gani na kwenye kina cha pima ngapi, kwa sababu habari hizo husahaulika upesi na hakuna chombo kitakachozirudisha. Mvuvi wa sangara hatataja nyuzi za latitudo. Atakuambia uweke jiwe fulani nyuma ya mti fulani, kisha ncha ya kisiwa iwe mkono wa kushoto, na maelezo hayo, ukiyapima kwa GPS ukiwa naye mtumbwini, mara nyingi hupunguza eneo la kutafuta kuliko siku nzima ya kuvuta sona, kifaa cha kutafuta vitu majini kwa mawimbi ya sauti.

Vilevile asiamini mapema kwamba kila bati la ndege ni la vita. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia yake ya Afrika, kituo cha mwisho kilikuwa hapa Mwanza, na ndege zilizofika zilikuwa za kutua majini, aina ya Short Calcutta. Kwa hiyo ziwa hili limezoea ndege za kiraia tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kipande kisicho na alama kinaweza kuwa cha yeyote. Umri nao hubadilisha kinachotarajiwa: ndege za mwaka 1914 hadi 1918 zilikuwa za mbao na kitambaa, hivyo kinachobaki ni injini, nyaya na tangi la mafuta, ilhali ndege za alumini za vita vya pili zinaweza kubaki na umbo lake. Magnetometa, kifaa cha kupima sumaku, haioni alumini. Inaona chuma cha injini na bunduki, na mara nyingi injini huwa imeng'oka na kulala mbali na mwili.

Vibali vishughulikiwe kabla ya mtu kulowana. Idara ya Mambo ya Kale, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, polisi, uongozi wa kijiji na kikundi cha BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) cha mwalo husika wote wajue, na kama kuna dalili ya silaha, wataalamu wa mabomu wa jeshi ndio watangulie. Umiliki nao haufi kwa kuzama. Jeshi la Majini la Marekani, kwa mfano, linahesabu ndege zake zilizozama kuwa bado mali yake, zikiwemo zile za mafunzo zilizoangukia Ziwa Michigan wakati wa vita. Anayeopoa bila kuuliza anaweza kujikuta ametunza mali ya serikali ya nchi nyingine kwa gharama yake mwenyewe.

Upande wa wazamiaji unanitia wasiwasi kuliko mengine, kwa kuwa watu hudharau maji yasiyo na kina kirefu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya uzamiaji, yanayoonyesha muda wa kukaa chini na jinsi ya kupanda, yameandaliwa kwa ajili ya bahari. Kuanzia mwinuko wa mita 300 hivi yanapaswa kurekebishwa, la sivyo mzamiaji atapanda akidhani yuko salama huku mapovu ya naitrojeni yakijikusanya mwilini. Tope la Ghuba ya Mwanza likishatibuliwa, mkono ulionyooshwa hauonekani, kwa hiyo kila mzamiaji awe na kisu cha kukatia nyavu zilizotelekezwa, zinazopenda kujizungusha kwenye mabaki. Kuna kichocho pia. Vazi lizibe ngozi yote, na vipimo vifanywe tena wiki kadhaa baada ya kazi, maana prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikimezwa siku ileile ya kutoka majini haiwakuti minyoo wakiwa wamekomaa. Kazi ipangwe asubuhi kabla ya upepo wa mchana, na watu wa kuangalia kama viboko au mamba wanakaribia wawe ni wenyeji, si wageni wenye darubini.

Ndani ya chumba cha rubani mna hatari zisizoonekana. Risasi zilizokaa majini miaka themanini bado ni risasi. Mitungi ya oksijeni inaweza kuwa na shinikizo. Saa na mita zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani zina radiamu, na ingawa mng'ao huo ulikwisha zamani, mionzi yake haipungui hata nusu kabla ya miaka 1,600. Zisifunguliwe, zisikwanguliwe, wala zisipelekwe nyumbani kama kumbukumbu.

Sasa utambuzi, ambao wengi huuacha hadi mabaki yafike ufukweni, na hapo ndipo wanapokosea. Kila kitu kipigwe picha na kupimwa kikiwa bado kimelala, pamoja na mwelekeo wa pua na umbali kati ya vipande. Namba ya injini peke yake haitoshi, kwa kuwa injini zilibadilishwa mara kwa mara. Inathibitisha kwamba injini hiyo ilikuwapo, si kwamba ndege ni ileile iliyoandikwa kiwandani. Mabamba madogo ya mwili, namba za vipuri na mihuri ya wakaguzi wa kiwanda vina uzito zaidi, na kwa ndege za Kimarekani namba za bunduki zinasaidia sana, kwa sababu ripoti za marubani waliopotea ziliziorodhesha. Rangi isisuguliwe kwa brashi ya waya: chini ya tabaka moja huenda kuna herufi za kikosi.

Mfano wa Uholanzi unafaa kukaa mbele ya kila timu. Mwaka 2008 nanga ya boti katika ziwa la Markermeer, ambalo ni la kina kifupi sana, ilinasa mguu wa magurudumu wa ndege ya Stirling, ya kudondosha mabomu ya Uingereza. Kwa miaka watu waliamini kuwa ni ile yenye namba BK710. Kilichowarekebisha ni kisanduku cha sigara chenye herufi tatu za majina ya mmoja wa wanajeshi waliokuwamo, na ndege ikathibitika kuwa BK716, iliyopotea Machi 1943 ikiwa na watu saba. Iliopolewa mwaka 2020. Kitu cha ukubwa wa kiganja kiliwapa familia saba jibu, nacho kingeweza kabisa kutupwa pamoja na tope. Kwa sababu hiyo tope la chumba cha rubani lichujwe lote, na mfupa wa binadamu ukionekana, kazi isimame hadi polisi na ubalozi wa nchi husika wajulishwe.

Kuhusu kuinua, mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na mwili wa ndege uliojaa maji na tope huwa mwepesi chini na mzito mno pale unapotoka juu. Tope linyonywe kwanza, kamba zishike mhimili mkuu wa mabawa na wala si ngozi ya bati, na maji yaachwe yachuruzike polepole kabla ya kuendelea kuvuta. Wakazi wa Mwanza hawahitaji kufundishwa maana ya hewa iliyonaswa ndani ya chombo: Mei 1996 tumbo la MV Bukoba lilipotobolewa ili kuwatoa watu, hewa ilitoka na meli ikazama.

Mwisho ni birika la kulowekea mabaki. Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Götzen Ziwa Tanganyika mwaka 1916 walipaka injini grisi nzito, na meli hiyo, iliyoinuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndege iliyoanguka haikupakwa chochote. Vitu vya ngozi na vya mbao vikikauka juani hupasuka siku ileile, na alumini inayogusana na chuma huanza kuoza upya ikipata hewa. Birika la maji safi linaloweza kumeza kipande kikubwa kuliko vyote liwe limejengwa, limejazwa na limefunikwa turubai kabla ya kamba ya kwanza kufungwa, na karibu yake pawepo meza yenye vibandiko vya plastiki vilivyokwisha andikwa namba kwa penseli, ambayo haifutiki majini.