SOMO: Kutoka joto la kaskazi kuingia masika, nyumba na bustani (wakazi wa Dar)

Wakuu habari zenu. Kila masika naulizwa kitu kilekile, mboga zangu zimekuwa njano, mboga zangu zimeoza, najibu mmoja mmoja mpaka vidole vinauma. Sasa naweka yote hapa, ukiulizwa mtumie mwenzako.

1. Muda. Usisubiri mvua. Ukiona upepo wa kaskazi umelegea, hewa imesimama na unatoka jasho mpaka usiku wa manane, hayo ndo maleleji, shika jembe. Hapa Dar ni kuanzia mwisho wa Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Masika yenyewe ni Machi mpaka Mei, na Aprili ndo kunanyesha kuliko mwezi wowote.

2. Gata: toa majani, kaza misumari ya bati.

3. Mtaro wa mbele ya nyumba zibua.

4. VITANDA. Soma hapa taratibu maana ndo mboga za watu zinapofia. Kipindi cha jua tunachimba vitanda vya kuzama ili maji ya ndoo yasikimbie, na ni sahihi kabisa. Ila mvua ikikikuta kitanda bado kimezama kinajaa maji, mizizi inakosa hewa, siku chache tu majani yanageuka njano, halafu mtu anakimbilia duka la pembejeo kununua sumu wakati hakuna mdudu hata mmoja. Kwa hiyo geuza: pandisha udongo uwe tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya njia, upana usizidi mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga, na njia za katikati ziteremke kuelekea mtaroni.
ONYO: udongo ukishalowa usilime, hasa wa mfinyanzi, utakauka mabonge magumu mizizi isipite. Samadi mbichi usiweke, inaunguza mizizi. Na kwenye mchanga wetu huu usimwage mbolea yote siku moja, mvua kubwa inaishusha chini mizizi isikofika, weka kidogo kidogo. Maji yako usimwelekezee jirani, nakuomba sana.

5. Matandazo (majani makavu ya kufunika udongo) yaache ila yasogeze mbali na shina.

6. Panda matembele, mchicha, bamia, kisamvu. Nyanya za uwanja wazi ngoja kipupwe, Juni hivi, masika ukungu unazimaliza.

7. Ndani: jua likiwepo anika magodoro, sogeza kabati kidogo kutoka ukutani hewa ipite.

8. Vifuu, matairi, makopo, mwaga maji yote. Madumu na mapipa SUGUA kuta za ndani kisha funika. Maji yaliyotuama ndo mbu wa homa ya dengue anapozalia, na mwaka 2014 na 2019 dengue ilitusumbua sana mji huu.

MASWALI

Kijana wa Tegeta: Mkuu somo zuri, sasa tunaanza lini?
Jibu: Hatua ya 1.

Mpenda Bamia: Mi nyanya zangu nimeshapanda wiki iliyopita na kitanda nimekiacha vilevile, nipige dawa gani?
Jibu: Ndugu yangu, hatua ya 4 na ya 6 nimeandika kwa ajili yako hujazisoma. Dawa haitoi maji kwenye mizizi. Inua tuta kwanza, matawi ya chini yanayogusa udongo yakate, ndo turudi kwenye dawa.

Mama Zuu: Shikamoo mwalimu. Naomba kuelewa, kwa nini kusugua pipa na si kumwaga tu?
Jibu: Marahaba mama, umeuliza la maana sana. Mbu wa dengue habandiki mayai kwenye maji katikati, anayagandisha ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji. Ukimwaga, mayai yanabaki yamekauka na yanaweza kukaa hivyo miezi, siku ukijaza tena yanaanguliwa, na ndani ya wiki moja au zaidi kidogo una mbu wapya. Brashi ndo inayoyatoa. Halafu huyu anauma mchana, neti ya usiku peke yake haitoshi.

Mama Zuu: Asante sana mwanangu. Na mchicha wangu nikimwaga mbegu mvua inazikusanya pembeni kote.
Jibu: Matone makubwa yanazirusha. Sia kwenye mistari, fukia kidogo, funika na makuti makavu mpaka zichomoze kisha toa makuti jioni, usitoe jua kali.

Fundi Gata: Kuongezea tu, maji ya mvua ya kwanza msiyaingize kwenye tanki, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi yote ya jua. Milimita moja tu ya mvua kwenye bati la mita za mraba 50 ni lita 50, kwa hiyo hupotezi kitu, tanki litajaa.
Jibu: Safi sana fundi. Hayo ya kwanza mwagieni migomba.

Dada wa Mbagala: Na chumvi jamani? Kwangu inayeyuka kila masika.
Fundi Gata: Tia punje za mchele mkavu kwenye kopo.