Jinsi ya kusoma tahadhari za safari kama nchi unayoenda ina uhaba wa mafuta, dola au dawa

Wadau, huku Arusha kila Malawi ikisikika mafuta yamekata, simu zinaanza, wa biashara, wa harusi, wanaopeleka wageni na yale matrak makubwa yanayoshuka mpaka Victoria Falls, wote swali ni moja, "nimeona Uingereza wameandika hali sio nzuri, niende nisiende?" Na wengi wameangalia rangi ya ramani tu, au ile namba ya juu, basi washaamua. Mi naomba hiyo tahadhari, yani ule ukurasa wa mtandaoni ambao serikali inawaandikia raia wake kuhusu kusafiri nchi fulani, uisome mpaka chini, kwa sababu ukiishia juu inaweza kukutisha bure, au mbaya zaidi ikakupa amani ambayo haipo.

Anza na hili, inaandikwa kwa ajili ya nani. Serikali inamwandikia raia wake, mtu ambaye akikwama ni ubalozi wao ndo unahangaika. Kwa hiyo mambo ya viza humo ndani usiyachukue kama yalivyo, sisi Watanzania Malawi tunaingia bila viza, wao wana masharti yao. Ila kuna vitu vinakubana wewe kuliko wao. Mgeni anafika lodge yenye jenereta na gari lenye tenki la akiba, wewe unafika na basi halafu unategemea Noah ya mtaani. Ukikuta wameandika kwamba usafiri ni wa shida kwa raia wao, kwako zidisha.

Ngazi zenyewe sio ngumu. Marekani toka Januari 2018 wana nne: ya 1 tahadhari za kawaida, ya 2 ongeza umakini, ya 3 fikiria upya kama safari ni ya lazima, ya 4 usiende. Kanada na Australia nao wana nne, zinafanana fanana na hizo. Ufaransa wanapaka ramani, kijani, njano, chungwa, nyekundu. Uingereza hawatumii namba, ila wana maneno mawili mazito, usiende kabisa, au usiende isipokuwa una jambo la lazima, na wanaweza kuliweka kwa nchi nzima au kwa kipande tu cha mpakani. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "Uingereza wamekataza" bila kukuambia wamekataza wapi.

Sasa hapa ndo pa kukazia. Hizo ngazi hazipimi uhaba. Marekani wanaweka herufi kuonyesha sababu, C ni uhalifu, T ugaidi, U vurugu za kiraia, H afya, K utekaji, na hakuna herufi ya mafuta wala ya umeme. Yani nchi inaweza kuwa ngazi ya chini kabisa na bado ukakaa foleni ya sheli toka asubuhi mpaka jua linazama. Habari ya uhaba iko chini kabisa, aya moja au sentensi mbili, kwenye usafiri wa barabarani, kwenye afya, kwenye pesa. Njia rahisi ukiwa kwenye simu, fungua ukurasa mzima, tumia ile sehemu ya kutafuta ndani ya ukurasa, andika fuel (mafuta), halafu shortage (uhaba), halafu power (umeme), cash (keshi), medical (matibabu). Dakika tano umemaliza. Fanya hivyo kwa nchi mbili tatu, Uingereza, Kanada na Australia kwa mfano, kwa sababu mmoja anaweza kuandika vizuri kuhusu mafuta na mwingine akawa na habari nzuri zaidi za hospitali.

Angalia tarehe, na hapa watu wengi wanapotea. Ukurasa wa Uingereza una tarehe mbili, moja inasema taarifa bado ni halali mpaka leo, ya pili inasema ilibadilishwa lini, na kuna kamstari kanakoeleza ni kitu gani kilibadilika. Hako kamstari ndo ka kusoma. Marekani wenyewe ngazi ya 1 na 2 huwa wanazipitia upya kila miezi 12, ya 3 na 4 kila miezi 6, sasa mafuta yanaweza kukata na kurudi mara kadhaa humo katikati na ukurasa haujaguswa.

Halafu tafuta chanzo, kwa sababu chanzo ndo kinakuambia shida itakaa muda gani. Malawi mzizi ni dola. Nchi haina bandari ya bahari, mafuta yanapita Dar, Beira na Nacala, yananunuliwa kwa fedha za kigeni, na tegemeo kubwa la fedha za kigeni ni tumbaku. Novemba 2023 waliishusha kwacha, pesa yao, kwa asilimia 44 kwa mpigo na bado dola hazikutosha. Shida ya hivyo haiishi kwa meli moja kufika, foleni zinapungua zinarudi. Tofauti na Januari 2022, hapo hapo Malawi, kimbunga Ana kilipobomoa bwawa la kituo cha umeme cha Kapichira kwenye mto Shire, pale ungejua kabisa umeme utasumbua mpaka bwawa lijengwe, na hilo sio la wiki mbili tatu.

Mfano mkubwa zaidi ni Sri Lanka ya 2022, na naomba uukumbuke kila ukisoma neno uhaba. Ilianza dola kuisha. Mwezi wa tatu umeme ukawa unakatwa mpaka masaa 13 kwa siku, dawa zikaadimika hospitali. Mwisho wa mwezi wa sita serikali ikasimamisha kuuza mafuta kwa magari ya kawaida wiki mbili, ndege zinazotoka Colombo zikawa zinapitia Kusini mwa India kujaza mafuta. Tarehe 9 Julai watu wakaingia ikulu, siku chache baadaye rais kakimbia nchi. Kwa hiyo ukisoma tahadhari uliza imefika hatua gani, wanataja bidhaa tu? wameanza kutaja foleni na ugomvi kwenye sheli? wametaja maandamano na amri ya kutotoka nje? Ya kwanza unajipanga unaenda. Ya tatu, kama sio msiba au mgonjwa, mi nakuambia subiri.

Ukishasoma, wapigie madereva. Na usiulize "mafuta yapo?", utajibiwa yapo. Uliza jana Karonga, ule mji wa kaskazini mwa Malawi ukishavuka mpaka, sheli gani ilikuwa inauza, walikuwa wanampa mtu lita ngapi, foleni masaa mangapi, ya kwenye dumu inauzwaje, Mzuzu je. Dereva wa masafa atakujibu hayo yote bila kufikiria. Kwenye mafuta na barabara nitamwamini yeye kabla ya ubalozi wowote. Ila kwenye magonjwa ya mlipuko na vurugu usimsikilize mtu anayesema "mbona mi nimepita juzi", hapo shika ya kwenye tahadhari.

Kujiandaa sasa. Kama una gari jaza full Mbeya au Tukuyu au Kyela kabla ya Kasumulu mpakani, na hesabu yako iwe ya kufika na kurudi mpaka pale ulipohakikishiwa mafuta, sio ya kufika tu. Madumu ya petroli uliza forodha kwanza kama yanaruhusiwa na kiasi gani, na usiyapandishe kwenye basi la abiria hata konda akikubali, ni roho za watu hizo. Kama unaenda na basi, uliza gari ni moja mpaka mwisho au mnabadilisha mpakani, kwa sababu mkibadilisha ni hilo la pili ndo linakwama.

Pesa, ujue rate ya benki na ya mtaani Malawi zimeachana mbali, na kubadilisha mtaani ni kosa kisheria. Beba keshi ya kutosha, usitegemee mashine kutoa pesa wakati umeme haupo. Dawa za presha, sukari, pumu, beba za safari nzima na wiki mbili za ziada, kwenye boksi lake, na barua ya daktari. Insulini inataka ubaridi, kwa hiyo swali la umeme kwako ni swali la afya, uliza unapolala kama jenereta inawaka usiku.

Wanaopeleka wageni, hili ni lenu. Bima ya mgeni inaangalia tahadhari ya nchi yake, sio ya kwako. Gari moja lina Mjerumani, Muingereza na Mmarekani, hizo ni tahadhari tatu. Uingereza wakisema usiende isipokuwa lazima, bima ya Muingereza inaweza isilipe chochote, hata akivunjika mguu kwa kuteleza bafuni. Mwambie aiulize kampuni yake ya bima kwa maandishi kabla hamjatoka Arusha, na nakala ubaki nayo. Huku tunajua tahadhari moja inavyoweza kukata buking za msimu mzima, madereva, wapishi na wapagazi wakakaa nyumbani, ndo maana msiwafiche wageni kitu, mgeni aliyeambiwa ukweli mapema anavumilia foleni.

Namba ya ubalozi wetu Lilongwe iandike kwenye karatasi, simu ikizima chaji haikusaidii. Tahadhari ifungue mara ya mwisho usiku mkiwa Mbeya, uangalie ile tarehe ya mabadiliko kama ni ile ile uliyoiona Arusha, na umpigie dereva mmoja aliyeko upande wa pili. Hapo bado unaweza kujaza, kusubiri au kugeuza, ukishapita Karonga ni hesabu nyingine.