Slaidi ya karavani imegoma kurudi ndani: soma hii kabla hujaanza kuisukuma

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mlioko Marekani, na wengine wote wa Afrika Mashariki mnaoishi kwenye karavani, iwe we ni nesi wa mikataba unahama hospitali kila baada ya miezi michache au uko kwenye kazi za mabomba unalala huko huko saiti, hii ni yenu. Nilikuwa fundi wa haya matreila huko kabla sijarudi nyumbani, sasa niko Shangani hapa Mtwara na simu za WhatsApp bado zinaingia, nyingi usiku maana kipindi cha joto Texas ikiwa saa nane mchana huku kwetu ni saa nne usiku, na shida inakuwa ile ile, slaidi ilitoka vizuri siku ya kufika, siku ya kuondoka imegoma kurudi.

Kwa ambaye ndo kwanza ananunua, slaidi ni kile kipande cha chumba kinachotoka nje ukishapaki ili sebule au kitanda kipate nafasi. Huwezi kuingia nayo barabarani ikiwa nje, upana unaoruhusiwa barabara nyingi za Marekani ni futi 8 na nusu, kama mita 2.6 hivi. Ndo maana watu wanachanganyikiwa, mtu anang'ang'ania swichi mpaka mota inanuka, au anaita majirani wanasukuma kona moja na chumba kinakaa mshazari, halafu kazi iliyokuwa ya nusu saa inageuka kuwa ya wiki na hela nyingi.

Anza na betri. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi slaidi yenyewe ni nzima kabisa, ni umeme mdogo. Hata kama umechomeka waya wa umeme wa kambi, mota inatumia volti 12 na inataka umeme mwingi kwa mkupuo, konvata, kile kifaa kinachogeuza umeme wa kambi kuwa wa volti 12 na kuchaji betri, peke yake mara nyingi haiwezi huo mzigo bila betri nzuri kuisaidia. Chukua testa pima kwenye betri yenyewe, ya kawaida ya maji ikijaa inasoma 12.6 hivi, ikisoma 12.0 hiyo imekaribia kuisha. Na ukiwa umechomeka umeme wa kambi inatakiwa isome zaidi ya 13, kama haipandi basi konvata haichaji na hapo ushapata mchawi wako. Washa gari linalovuta, unga jampa, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, acha ichaji kidogo ndo ujaribu swichi tena. Angalia na fyuzi, za slaidi nyingi ni za ampea 30, ikiwa imeungua weka ya ukubwa ule ule, usije ukaweka kubwa eti isiungue tena, kitakachoungua ni waya ndani ya ukuta na humo ndani wamelala watoto.

Halafu zunguka nje na ndani uangalie kinachozuia. Droo imefunguka, kiatu cha mtoto kimeingia pembeni, matawi yamejaa juu ya paa la slaidi, treila limelala upande mmoja kwa sababu ardhi ilikuwa laini usiku mvua ikanyesha. Panda ngazi uone juu, usikisie ukiwa chini.

Sikiliza pia. Ukibonyeza swichi ikawa kimya kabisa, tafuta umeme. Mota ikiunguruma kwa shida bila kusogea, aidha umeme hautoshi au kuna kitu kimebana. Mota ikizunguka laini kabisa na chumba hakiendi popote, pini au bolti ya kwenye shafti, ule mtaimbo unaozungushwa na mota, imekatika na hapo hata ukizungusha kwa mkono unaweza kuzungusha bure, irekebishwe kwanza.

Umeme upo, hakuna kilichobana, bado imegoma? Sasa ndo tunaenda kwa mkono, ila lazima ujue yako ni ya aina gani maana ya huyu sio ya yule. Weka vizuizi kwenye matairi, toa watu wote ndani ya njia ya slaidi, na mtu asikae chini yake hata sekunde.

Chungulia chini. Ukiona vyuma vizito vyenye meno vimetokea kwenye chesisi vinabeba chumba, hiyo ni ya meno na pinioni, na ndo rahisi zaidi. Shemeji yangu mmoja, mtu wa Newala, alinipigia akiwa na hiyo hiyo, kashika simu mkono mmoja amelala chini kwenye kokoto ananionyesha. Nikamwambia, "Shemeji, kwanza chomoa hasi ya betri." Akauliza ya nini wakati umeme wenyewe hauendi. Nikamwambia mtoto akigusa swichi huko ndani na umeme ukarudi ghafla wakati we mkono uko kwenye meno, hicho kidole hakirudi. Akachomoa. Tukatafuta ncha ya shafti, mara nyingi iko pembeni mwa chesisi upande usiokuwa na slaidi, yake ilikuwa imefunikwa na tope limekauka, akalikwangua na bisibisi mpaka kichwa cha nati kikaonekana. Nyingi zinachukua soketi ya robo tatu inchi, gereji zetu tungeita namba 19. Lakini kabla ya kuzungusha kuna breki nyuma ya mota, kwenye mota nyingi ni kiwiko kidogo tu unakigeuza, usipoiachia utapigana na racheti mpaka ukate nati. Akaachia, akaanza robo robo, shemeji wa kike yuko nje anaangalia mpira wa pembeni, ule unaoziba maji kuzunguka slaidi, na kweli ukaanza kujikunja kwa ndani kona ya juu, akamsimamisha, akaunyoosha na mkono racheti ikiwa imesimama, wakaendelea. Polepole hivyo hivyo mpaka mpira ukabana sawasawa juu na chini. Ikiwa nzito ghafla, simama uangalie. Usiongeze bomba kwenye spana.

Aina ya pili ina reli za alumini zenye meno ubavuni mwa slaidi, ya juu na ya chini kila upande, wengi wanaiita Schwintek. Hii ina mota mbili, kila upande yake, na boksi dogo la kontrola linaloziongoza ziende pamoja. Hapa betri iache imeungwa. Tafuta kile kitufe cha modi kwenye kontrola, kibonyeze haraka mara sita, mara ya saba kishikilie kama sekunde tano mpaka taa nyekundu na kijani zianze kuwakawaka, achia, halafu tumia swichi ya ukutani kuingiza bila kuachia mpaka ifike mwisho. Mtu mmoja awe nje aangalie pande zote mbili, kwa sababu ukiwa kwenye hali hiyo kontrola haizisawazishi tena mota, upande mmoja ukitangulia acha mara moja. Ikikataa kabisa, chomoa plagi za mota zote mbili kwenye kontrola, maana zikiwa zimechomekwa zinashika kama breki, ndo msukume kwa nje watu kadhaa, pande zote kwa pamoja na mikono iwe chini karibu na sakafu, sio katikati ya ukuta ambao ni mwembamba. Ikishaingia rudisha plagi, zinasaidia kuishikilia safarini.

Za nyaya za chuma na za haidroliki zinatofautiana sana kati ya treila na treila. Ya haidroliki angalia kwanza mafuta kwenye tangi la pampu, yakiwa chini usiendelee mpaka ujue yanavujia wapi. Zaidi ya hapo fuata kitabu cha treila lako, usifuate video ya treila la mtu mwingine.

Ikishaingia, rudisha ile breki ya mota kwenye nafasi yake kabla hujaunga betri. Hili watu wanalisahau kwa furaha ya kumaliza, halafu kwenye kona chumba kinaanza kutoka chenyewe na pembeni kuna gari la mtu. Kama una vyuma vya kuzuia slaidi, vifunge, simama baada ya kilomita chache ukague mpira kama bado umebana. Na ukifika usiitoe tena, lala hivyo hivyo kwa kubanana mpaka fundi aione.

Wewe ambaye yako bado inafanya kazi, Jumamosi hii toka nje utafute ncha ya shafti au boksi la kontrola, piga picha, nunua soketi yake uiweke kwenye boksi la mbele. Ukitaka nitumie hiyo picha nikuambie ni ya aina gani, usiku nakuwa macho.