Shika Penseli: Namna ya Kuufuata Msimu wa Serie C Tangu Agosti Hadi Juni

Mwaka wangu wa kwanza Italia nilipanda treni ya mkoa kutoka Milano kwenda kuiona Pro Vercelli. Sababu ilikuwa moja tu: timu iliyobeba ubingwa wa Italia mara 7, wa mwisho mwaka 1922, bado iko hai, na inacheza daraja la tatu. Kwenye simu nikaandika "Stadio Silvio Piola", nikafuata mshale. Ukanishusha Novara. Nikatembea zaidi ya nusu saa kwenye ukungu wa Novemba, kufika nikakuta mageti yamefungwa, hakuna mlinzi, paka mmoja tu amekaa juu ya ukuta ananiangalia. Kumbe viwanja vya Silvio Piola ni viwili, kimoja Novara na kingine Vercelli, miji jirani kwenye reli ile ile, katikati yake mashamba ya mpunga. Piola alianzia soka Vercelli akalimalizia Novara, na hadi leo hakuna aliyefikia mabao yake 274 ya Serie A. Kila mji ukasema ni wetu.

Basi ukitaka kwenda uwanjani, tafuta mji kwanza, uwanja baadaye. Na hata mji si uhakika. Renate inachezea Meda. Giana Erminio kwao ni Gorgonzola, ule mji wa jibini, na hilo jina ni la mwanajeshi aliyekufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. AlbinoLeffe ni vijiji viwili vilivyounganisha timu zao mwaka 1998.

Nimeifuata Serie C, yaani daraja hilo la tatu la Italia, kwa miaka kadhaa sasa, mara jukwaani, mara kwenye runinga baada ya zamu ya usiku ghalani, na watu huniuliza naielewaje. Kwa penseli, nawajibu. Nina daftari la shule la mistari, kila msimu kurasa tatu, moja kwa kila kundi. Kalamu ya wino niliiacha zamani, na utaona sababu.

Anza na ramani. Timu ni 60, makundi matatu ya timu 20: A, B na C. Kwa kawaida kundi A ni la kaskazini, B la katikati pamoja na timu ya Sardinia kama ipo, C la kusini na Sicilia. Mipaka hiyo husogea kila mwaka kulingana na nani kapanda na nani kashuka, kwa hiyo usishangae timu ya kaskazini kujikuta kundi B na kulalamika kiangazi kizima. Mechi ni 38, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Aprili. Juu yao iko Serie B. Chini yao iko Serie D, yenye makundi tisa, na huko kisheria wewe si mchezaji wa kulipwa tena. Hapo ndipo pana jasho la Serie C: kushuka si kushuka daraja tu, ni kutoka kabisa kwenye soka la kulipwa.

Chagua kundi moja. Usijaribu yote matatu, utachoka kabla ya Krismasi. Ukipenda soka la kupangwa na viwanja vidogo nadhifu, nenda A. Ukipenda majina makubwa yaliyoanguka, fataki, na mechi ambazo mkuu wa mkoa anakaa kuamua kama mashabiki wa ugenini waruhusiwe kusafiri, nenda C. Mimi moyo wangu uko A kwa sababu ya ujirani, lakini Jumapili jioni naangalia C, nisikufiche.

Ndani ya kundi chagua timu moja iliyo juu na moja iliyo chini. Wengi hukosea hapa. Wanachukua kinara peke yake, na ikifika Februari kinara kaacha wenzake pointi 12, raha imekwisha. Timu ya nafasi ya 15 haichoshi hata siku moja.

Sasa msimamo. Safu za kawaida unazijua: mechi, ushindi, sare, vipigo, mabao. Ongeza safu moja mwishoni, uiache pana, uandike juu yake "adhabu". Klabu ya Serie C ikichelewesha mishahara, kodi au michango ya hifadhi ya jamii, shirikisho huikata pointi, na pointi hizo hukatwa katikati ya msimu, siku ambayo hakuna aliyecheza. Utalala timu yako iko ya 12, utaamka ni ya 16. Kwenye magazeti utaona kinyota kando ya jina. Mgeni hukipita kinyota, mwenyeji huanza nacho. Mzee mmoja tunayekaa naye jukwaa moja hata matokeo haulizi kwanza. Akifungua gazeti anauliza, "Wamelipa?"

Na kukatwa pointi si mwisho. Februari 2019 Pro Piacenza, klabu isiyokuwa na hela wala wachezaji, ilianza mechi Cuneo na watu saba tu, wengi wao vijana wadogo, ili mechi ihesabike. Wakafungwa 20-0. Matokeo yakafutwa yakawa 3-0 ya mezani, na klabu ikatupwa nje ya ligi. Aprili 2022 ikawa zamu ya Catania, jiji zima la Sicilia limebaki bila timu zikiwa zimesalia mechi chache. Machi 2025 zikatolewa Taranto na Turris kwa mkupuo, zote za kundi C. Timu ikitolewa namna hiyo, mechi zake zote zinafutwa, na kila aliyeifunga anarudisha pointi alizopata. Jioni ile nilikaa mezani na kifutio, timu baada ya timu, nikitoa tatu hapa, moja pale, mpaka karatasi ikatoboka kwenye mstari wa nane. Kundi la timu 20 likamalizika na timu 18. Nadhani sasa umeelewa habari ya penseli.

Jambo jingine dogo linalowaponza watu Aprili: timu zikilingana pointi, tofauti ya mabao haiangaliwi kwanza. Yanaangaliwa matokeo ya mechi zao wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo ukiona timu mbili zinafukuzana, andika pembeni matokeo ya mechi yao ya mzunguko wa kwanza. Sare ya Oktoba isiyo na mvuto inaweza kuamua nani anapanda.

Kwenda uwanjani hakuhitaji ujanja mwingi. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo beba kitambulisho. Nyuma ya goli, curva, mimi hulipa kati ya euro 10 na 15, jukwaa kuu zaidi. Ukitaka kukaa na wageni, nunua mapema: tiketi za upande wa ugenini hufungwa jioni ya kuamkia mechi, na kwa mechi nyingine hutauziwa bila kadi ya shabiki, au hutauziwa kabisa ukiwa mkazi wa mkoa fulani. Mlangoni watakunyang'anya kizibo cha chupa ya maji. Usibishane, kila mtu ananyang'anywa, ingawa wazoefu huweka kizibo cha akiba mfukoni. Ndani utapata mkate wenye soseji ya kuchoma na vichupa vidogo vya Borghetti, kahawa yenye kilevi ambayo Januari huko kaskazini ina kazi kubwa kuliko straika.

Ukiwa umeketi, angalia mambo mawili ambayo runinga huyapita. La kwanza ni benchi. Mechi za ligi za Serie C hazina VAR ya chumbani, waamuzi wanaokaa kutazama video, kama ya Serie A. Badala yake, tangu msimu wa 2025/26 kila kocha ana haki ya kuomba mara mbili mwamuzi aende kutazama tukio kwenye skrini, na akithibitika yuko sahihi, ombi lake halipotei. Basi utaona makocha wanazuiwa na wasaidizi wao kama watu wanaotaka kuingia kwenye ugomvi: mmoja anataka kuomba dakika ya 20, mwingine anamvuta koti, ngoja, ngoja. La pili ni umri. Ligi hugawa fedha kwa klabu zinazowachezesha vijana, kwa kuhesabu dakika. Ukiona kijana wa miaka 19 anacheza beki ya kulia hata akikosea kila wiki, usimtukane kocha. Huenda mhasibu ndiye anayepanga kikosi.

Kuna pia vikosi vya pili vya wakubwa. Juventus walianza mwaka 2018, wakabeba Kombe la Italia la Serie C mwaka 2020, na sasa kikosi kinaitwa Next Gen. Atalanta wakafuata mwaka 2023, Milan 2024, Inter 2025. Mashabiki wa timu za kale hawawapendi, na mimi nawaelewa: unasafiri saa nne kwenda kucheza na timu isiyo na curva. Lakini kama unapenda kuwaona wachezaji kabla ya dunia, lipa uingie. Kenan Yıldız na Matías Soulé walipita humo.

Tufike Mei, ambako ndiko mchezo wenyewe uliko. Kinara wa kila kundi anapanda moja kwa moja, hao ni watatu. Nafasi ya nne ya Serie B inagombewa na timu 28. Ndiyo, 28: kuanzia wa pili hadi wa kumi wa kila kundi, na juu yao mshindi wa kombe la Serie C. Ndiyo maana nasema usimdharau aliye nafasi ya kumi. Catania ile iliyofukuzwa 2022 ilianzia upya Serie D, ikarudi, na mwaka 2024 ikamaliza nje ya kumi bora lakini ikaingia kwenye mtoano kwa sababu ilikuwa imebeba kombe.

Kwenye daftari chora ngazi, usichore mti. Wa 5 hadi wa 10 wanacheza wenyewe ndani ya kundi, mechi moja, nyumbani kwa aliyemaliza juu. Sare inambeba huyo huyo, bila dakika za nyongeza. Washindi wanaungana na wa nne, mechi moja tena, sheria ile ile. Kisha makundi yanachanganywa: wanaingia wa tatu na mshindi wa kombe, mechi mbili, nyumbani na ugenini. Raundi inayofuata ndipo wanapoingia wa pili, ambao wamekaa wiki kadhaa bila kucheza. Halafu nusu fainali na fainali, na hapo tu ndipo mshindi anaweza kuamuliwa kwa mikwaju ya penalti.

Akili inakuambia mwenye nafasi ya pili ana faida. Daftari langu halisemi hivyo. Lecco walipanda 2023 kutoka nafasi ya tatu. Carrarese 2024, nafasi ya tatu. Mwaka 2025 Pescara walimaliza wa nne kundi B, wakafika fainali na kuwakuta Ternana, waliokuwa wa pili kundi lile lile. Kila mmoja akashinda ugenini 1-0. Zikaja penalti, kipa wa Pescara, Alessandro Plizzari, akaokoa tatu, wakapanda. Kocha wao, Silvio Baldini, alikuwa ameshawahi kufanya kazi hiyo hiyo na Palermo mwaka 2022. Ukiulizwa utabiri wa mtoano, uliza kwanza Baldini yuko wapi.

Chini nako hakulali. Wa 20 anashuka moja kwa moja. Wa 16 anapambana na wa 19, wa 17 na wa 18, mechi mbili, na jumla ikilingana anabaki aliyemaliza juu. Ila tofauti ya pointi ikizidi nane, mechi haichezwi na wa chini anashuka. Hesabu hiyo ya nane iandike pembeni kuanzia Machi. Utaona timu ya 19 ikisherehekea sare kana kwamba imebeba ubingwa.

Kosa la mwisho, nililolifanya mwenyewe: kufungua ukurasa mpya wa daftari mara tu fainali inapoisha. Mei 2025 SPAL, timu ya mji wa Ferrara, waliishinda Milan Futuro, kile kikosi cha pili cha Milan, kwenye mechi za kubaki, vijana wa Milan wakashuka, Ferrara wakashangilia. Nikaandika SPAL kwenye ukurasa wa msimu mpya, herufi kubwa kabisa. Juni SPAL hawakukamilisha usajili wa klabu, wakapotea kwenye ligi, na kiangazi hicho hicho wakaingia vijana wa Inter. Siku hizi Juni naandika namba tu, 1 hadi 20, mara tatu. Majina nayajaza Agosti.