Mboga Katika Madumu ya Mawese: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mjini Kigoma ni vigumu kupata chombo cha kupandia kilicho rahisi kuliko dumu la lita 20 lililokwisha mawese. Mwongozo huu unahusu mchicha na nyanya chungu, na utakawia zaidi kwenye maji, kwa sababu mboga nyingi za kwenye vyombo huoza mizizi kabla hazijapungukiwa na mbolea.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Mawese yaliyoganda ndani ya dumu yakiingia kwenye udongo huufanya usinyonye maji vizuri, kwa hiyo tia maji ya moto na majivu ya kuni, tikisa kwa nguvu, liache dumu hadi kesho yake, kisha limwage na kurudia mpaka kidole kisiteleze tena ukutani mwake.

Hatua ya pili ni kukata. Dumu la mchicha hulazwa na kukatwa ubavu mpana wa juu. La nyanya chungu husimamishwa na kukatwa sehemu ya mkono, kwani mmea huo unataka kina.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito. Pasha moto msumari wa inchi 4, toboa matundu yasiyopungua manane kwenye upande utakaokaa chini, kisha uyafunike kwa kipande cha wavu mkuukuu wa dagaa ili udongo usitoroke. Wengi hutandika kokoto chini wakidhani zitaharakisha maji kutoka. Ukweli ni kwamba maji hayashuki kwa wepesi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hutuama juu yake, na tope husogea karibu zaidi na mizizi. Kokoto ziache barabarani. Inua dumu juu ya matofali mawili, matundu yabaki wazi.

Hatua ya nne, changanya ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa na moja ya mchanga wa mto. Samadi ambayo bado ina joto mkononi haijaiva, nayo huunguza miche.

Hatua ya tano, chukua mbegu za mchicha zinazoshikika kwa vidole viwili, zichanganye na mchanga mkavu, uzisie na kuzifunika kwa udongo mwembamba tu. Nyanya chungu hupandikizwa mche mmoja kwa kila dumu.

Kumwagilia hakufuati saa bali udongo: chomeka kidole hadi kiungo cha pili, na kikitoka kikavu, mwagilia taratibu mpaka maji yachuruzike chini. Kati ya Juni na Septemba huenda ikahitajika kila asubuhi, ilhali wakati wa masika siku kadhaa zaweza kupita. Wanaochota Ziwa Tanganyika wakumbuke kwamba maji yake yana alkali, pH (kipimo cha asidi na alkali) ikikaribia 9. Ni vyema kuyapokezanisha na ya mvua yaliyokingwa.

Baada ya wiki nne hivi, kata mchicha ukiacha shina lenye vifundo viwili au vitatu, nao utachipua upya.