Kushuti kichupa cha slomosheni ziwani Mwanza, midomo isiachane na wimbo

Ukiona msanii anatembea taratibu, shati linapepea kama liko majini, lakini midomo inafuata wimbo sawasawa, ujue siku ya kushuti wimbo ulikimbizwa. Ujanja huu si mpya. The Police, bendi ya Uingereza, waliutumia mwaka 1983 katika video ya "Wrapped Around Your Finger", miaka miwili tu baada ya MTV, kituo cha televisheni cha muziki, kuanza kurusha matangazo Marekani.

Hesabu ni hii: fremu (picha) ambazo kamera inanasa kwa sekunde, gawanya kwa fremu kwa sekunde za video itakayotoka. Ukishuti kwa 50 na kutoa kwa 25, wimbo uchezwe mara 2. Wa dakika 3 na sekunde 40 utaisha kwa dakika 1 na sekunde 50. Andaa nakala hiyo mapema, mwanzoni weka milio mitatu ya kuhesabia. Shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/100 ya sekunde. Mistari ya rapu haivumilii kasi hiyo, ulimi unagongana; shuti kwa 30, wimbo uende mara 1.2. Na msanii aimbe kwa sauti kabisa. Akichezesha midomo tu, koo halitikisiki, na shoti ya karibu itamuumbua.

Kinachoharibu kazi nyingi ufukweni ni spika. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Spika ikibaki nchi kavu na msanii yuko kwenye mtumbwi mita 34 mbele, anausikia wimbo umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na slomosheni inaongeza kuchelewa huko mara mbili. Weka spika ndogo ya betri miguuni pake, ndani ya mtumbwi. Maboya ya kujiokolea yawemo pia.

Pale Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, shuti saa 1 hadi saa 3 asubuhi: jua liko mgongoni mwako, jiwe na uso vinapata mwanga. Jioni jua linashukia upande wa ziwa. Bila rifleksa, kibao cha kumrudishia mwanga usoni, msanii anabaki kivuli.

Kwenye kuhariri, punguza kasi ya klipu uliyoshuti kwa 50 iwe asilimia 50. Sauti iliyonaswa na kamera itarudi kwenye mwendo wa kawaida. Ilinganishe na wimbo halisi, kisha izime. Kamera nyingine hazirekodi sauti kabisa zikiwa kwenye slomosheni. Kwa hizo, mtu apige kofi mbele ya lenzi mlio wa tatu unapolia, nawe uoanishe fremu ambayo viganja vimegusana na mlio huo.